Salamu ya Bibi

Harufu ya spiriti kwenye maabara ya shule hunirudisha hospitalini, siku bibi alipotolewa pamba ya upasuaji sikioni. Kifupa cha ndani kilikuwa kimeliwa na usaha akawa hasikii, wakamwekea cha bandia. Majirani zetu wa Ngokolo walikuwa wamempigia kelele kwamba umri umekwenda, aache. Akawajibu, "Nakwenda. Nataka kusikia huyu mume wangu ananisalimiaje mpaka wenzake wanacheka."

Mume huyo ni mimi, mjukuu wake. Kila asubuhi niliinama kwa adabu zote na kusema, "Kibogoyo." Naye aliitikia, "Marahaba."

Daktari alipomaliza, bibi aligeukia ukutani asione midomo yangu.

"Haya, mume wangu. Nisalimie."

Nikanong'ona, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kumbe unaijua."