Mafuta Yasiyoliwa

Siku ya kwanza niliyoingia kiwandani, Msimamizi wa Maabara alinipa miwani ya kukinga macho na kikombe cha bati cha kuchotea sampuli, akaniambia nisiguse bomba lolote ambalo sijaelezwa linapeleka nini. Nilikuwa mwanamke pekee wa zamu ile, nimetoka zangu Dunda na buibui langu, na mabomba yalikuwa kila upande. Siku nzima nilitembea nimebana viwiko. Nyinyi vijana mnaoanza kazi hizi leo, nawaambieni kweli: hofu ile haikuniisha mpaka nastaafu, na sioni aibu kuisema.

Kiwanda kilikuwa nje kidogo ya Lugoba, kando ya barabara kuu, maana mahindi yalishuka kwa malori kutoka bara. Kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza spiriti ya kuchanganywa na petroli. Mahindi yalisagwa, yakapikwa, yakatiwa hamira yakachacha, kisha spiriti ikatolewa kwa mvuke. Kilichobaki tulikiita machicha. Yale mazito yalikaushwa yakawa chakula cha ng'ombe. Maji yake yalikwenda kwenye matangi ya kuvukiza, yakachemka mpaka yakawa mfano wa uji, na ndani ya uji ule ndimo mlimokuwa na mafuta.

Baada ya maabara nikapelekwa kitengo cha mafuta. Huko uji ulipashwa moto, ukatiwa dawa ya kuyaachanisha mafuta na maji, kisha ukapita kwenye kitenganishi, pipa la chuma linalozunguka kwa kasi ya kutisha. Vizito hukimbilia pembeni, mafuta hubaki katikati na kutoka mekundu, yana harufu ya unga uliochacha. Kitenganishi kikipoteza mizani, sakafu nzima hutetemeka. Nilikuwa nasimama pale mkono mmoja kwenye swichi ya kuzimia, na moyo uko mlangoni.

Wanunuzi wetu walitengeneza dizeli ya mimea, nao waliogopa kitu kimoja tu, maji. Mafuta yenye maji yakikutana na dawa zao hugeuka sabuni. Kwa hiyo kabla lori halijaondoka, tulidondosha tone kwenye sahani ya chuma ya moto na kusikiliza. Likinyamaza, mafuta yako sawa. Likitatarika, tangi zima linarudi kupashwa upya. Mkuu wa Kitengo, mtu mrefu asiyejua kucheka, alinishika bega siku niliyoinama kutazama tone. "Usitazame," alisema. "Macho yanapenda kukubali. Sikiliza."

Nilipofanywa msimamizi wa zamu, Meneja wa Uzalishaji aliniita ofisini kunikumbusha kwamba dawa tuliyotumia haikuwa ya chakula, wala matangi yetu hayakuwa ya chakula. Mafuta yasitoke pale ila kwa lori la mnunuzi. Niliitika, nikabeba wasiwasi mwingine juu ya ule wa zamani.

Sasa mjue jambo moja la kwetu. Nyumbani hakuna aliyelitaja neno spiriti, maana kwetu hiyo ni pombe. Watu wa pwani tunasitiriana. Mama mkwe wangu, kule Kaole, aliwaambia majirani kuwa mke wa mwanawe yuko kiwanda cha mafuta, basi na mume wangu akasema hivyo, na shemeji yangu Hamadi, aliyekuwa mpakiaji kwenye matangi yetu, naye akasema hivyo. Jina likakaa. Mimi nilishukuru, maana bila jina hilo mama asingeniruhusu kufanya kazi ile, na nilimpenda kama aliyenizaa.

Baba mkwe alipofariki, ikafika hitima ya arobaini. Nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja Kaole. Kabla sijaingia uani nilisikia sufuria ikitatarika jikoni, nikasimama. Mafuta ya dukani hayalii vile. Nilisogea, harufu ikanipiga. Pembeni palikuwa na dumu la njano la mafuta ya kupikia, na ndani yake mafuta yetu. Hamadi alikuwa karibu, amejaa furaha ya mtu aliyesaidia shughuli. Alinieleza kuwa dereva wa lori alimgawia mabaki ya chini ya tangi, yaliyotuama na maji, naye akawapa majirani kidogo wakakaangie maandazi.

Ningeweza kusema panya ametumbukia, pilau ikapikwa kwa mafuta mengine na siri ikabaki palepale. Lakini yale ya majirani je? Wangemwaga kwa sababu ya panya wa kwetu? Na nikisema hayaliwi, wataniuliza ni kiwanda gani cha mafuta kinachotoa mafuta yasiyoliwa. Walimu wa madrasa walikuwa wameshakaa kwenye mikeka. Wanawake wote wa mtaa walikuwa pale jikoni.

Nilimwendea mama mkwe, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha upawa.

"Mama, epua," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mafuta haya yametoka kwenye machicha ya spiriti, na yametiwa dawa za kiwandani. Hayaliwi. Aliyepewa mengine ayamwage."

Mama aliepua mwenyewe, akawatuma wanawake nyumba kwa nyumba, akaagiza samli. Hakuna aliyedhurika, alhamdulillahi. Watu walipoondoka aliniita chumbani.

"Ya spiriti nilijua tangu mwanzo, mwanangu," alisema. "Sote tulijua. Tulikusitiri."

"Na kwamba hayaliwi, mama?"

"Hilo hakuna aliyenambia. Lakini sasa la spiriti umelisema mbele za watu. Siwezi tena kujifanya sijui."

Tangu hapo hakula tena kwangu chakula cha mshahara ule. Kila Idi alikuja, akawaombea dua wanangu, akanywa maji aliyokuja nayo kwenye chupa yake. Hakunisema vibaya kwa mtu. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Kiwandani niliomba tangi liandikwe HAYALIWI kwa rangi nyekundu, nikaendelea kusikiliza matone mpaka siku yangu ya mwisho.

Mkiniuliza kama ningesema tena, nitasema ndiyo, ila mapema zaidi, na kwa sauti ndogo. Kazi yenu ikiwa na sumu, watu wa nyumbani waijue kabla ya wageni.

Nimestaafu sasa, nalima mihogo na kunde nyuma ya nyumba. Idi iliyopita nilipika vya shambani kwangu, mama akaja, mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu. Nilipoweka sinia alilitazama kwa muda. Kisha akauliza, mbele ya watu wote:

"Haya mafuta umeyatoa wapi?"

Nikamwambia ni ya alizeti, nimenunua dukani, na mwenye duka namjua. Akanyoosha mikono anawishwe.