Injini Juu ya Sauti ya Bibi

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya dagaa waliotandazwa juani hunipandisha hasira mpaka leo. Wenzangu wa Kigoma wakinusa dagaa hukumbuka nyumbani. Mimi hukumbuka gari jekundu la watu wawili, lisilo na paa, lenye taa mbili za duara zilizotokeza mbele kama macho ya chura, na ndani yake ameketi Baba Mkubwa, kaka wa baba yangu, mkono mmoja kwenye usukani na wa pili unaning'inia nje ya mlango, na gari lenyewe halijawashwa. Aliweza kuketi hivyo asubuhi nzima. Kilikuwa kiangazi, wakati ule ambao vumbi la mtaa wetu wa Buzebazeba hupanda hadi kwenye majani ya migomba, na hata uji huja na ladha yake. Nilikuwa na miaka tisa. Wapo watu ambao wakifika umri wangu wa sasa huwa wameshasamehe kila kitu, na wanalala usingizi mzuri. Mimi si mmoja wao, na sitajifanya kuwa mmoja wao kwa ajili ya kupendeza kwenye karatasi.

Baba Mkubwa alikuwa ameishi Bujumbura miaka kumi na mmoja, akimwendesha mfanyabiashara mmoja wa kigeni, na katika miaka hiyo yote barua zake kwa mama yake zilikuwa mbili. Yule tajiri alipoamua kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia dereva wake gari ambalo lilikuwa la zamani hata kwa siku hizo, gari la mashindano la Waitaliano, lililotengenezwa kabla baba yangu hajaoa. Baba Mkubwa akalipakia kwenye meli ya mizigo, akashuka nalo bandarini Kigoma, na mji mzima ukaenda kulitazama. Tatizo lilijitokeza pale pale. Chini ya gari lile hapakupita hata kuku aliyesimama wima, na barabara zetu zilikuwa mawe na makorongo. Kutoka bandarini hadi nyumbani kulimchukua siku nzima, huku tumbo la gari likikwaruzwa na yeye akiguna kana kwamba anakwaruzwa mwenyewe. Tangu siku hiyo ukawekwa utaratibu. Kila alipotaka kulitoa, sisi watoto wa nyumbani tulitangulia mbele kwa miguu, tukiokota mawe na kuyatupa kando, yeye akitufuata taratibu kwa gia ya kwanza. Haraka haraka haina baraka, wanasema, lakini sidhani kama aliyesema alikuwa na gari la mbio akilini. Wazee walikuwa wakitupita kwa baiskeli, wanatusalimia, na wanatuacha.

Aliyeokota mawe mengi zaidi alikalishwa kiti cha mbele wakati wa kurudi, na mara nyingi nilikuwa mimi. Lazima nikiri hapa, kwa sababu bila hilo hasira yangu haieleweki: nililipenda gari lile. Nilipenda ngozi ya viti iliyopasuka, na zile saa tano za duara mbele ya dereva, mbili kati yake zikiwa bado zinacheza. Chumbani kwake alikuwa amebandika ukutani kurasa za magazeti ya kigeni zenye picha za magari ya namna ile, na alinifundisha kuyatambua kwa umbo la mgongo, jinsi watoto wengine wanavyotambua samaki. Aliniambia kwamba gari zuri hulijui kwa macho, unalijua kwa masikio. Injini ya lile jekundu ilipowashwa ilianza kwa kukohoa, kisha ikashuka ikawa mngurumo mmoja mzito unaousikia tumboni kabla ya kuusikia kichwani. Nilipenda kile alichokipenda, na nikadhani, kwa akili ya mtoto, kwamba na yeye angependa nilichokipenda mimi.

Nilichokipenda mimi kilikuwa kaseti. Baba Mkubwa alipowasili, Bibi, mama yao, alikuja kutoka kijijini kwake Ilagala kwa boti kumpokea. Kwetu aliyerudi kutoka mbali haingii ndani hivi hivi. Anasimama uani, na mwanamke mkubwa wa nyumba anamwimbia kwa Kiha, akipiga makofi, akiwaita kwa majina wote wa ukoo waliowahi kuondoka: waliovuka ziwa, waliokwenda kukata mkonge wasirudi, waliozaliwa njiani. Kila jina linapotajwa, watu wote wanaitikia, "Ego," yaani ndiyo, tupo naye. Wimbo wa Bibi ulichukua karibu nusu saa, na sauti yake ilikuwa nyembamba yenye mikwaruzo kidogo, sauti ya mtu aliyeamkia moshi wa kuni maisha yake yote. Mwishoni anamgeukia aliyerudi na kumuuliza swali moja: "Yule uliyemwacha akikungoja, umemkuta?" Naye anajibu, "Ego, nimemkuta." Hapo anapewa maji ya kunywa, na safari yake inahesabiwa kuwa imekwisha. Kwa Baba Mkubwa, aliyemwacha akimngoja ndiye aliyekuwa akimwimbia.

Baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa kutunza vitu, aliuweka wimbo wote kwenye kaseti kwa redio yetu. Ulijaza upande mzima. Kisha akavunja kwa kisu vile vijipembe viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kaseti, ili redio isikubali kurekodi tena juu yake. Kila mtu siku hizo alijua maana ya vijipembe vilivyovunjwa. Ilikuwa ni sawa na kuandika usiguse. Mimi niliisikiliza kaseti ile kila jioni hadi nikayajua majina yote kwa mpangilio wake, na nikajua ni wapi Bibi anavuta pumzi, na ni wapi mtoto mmoja anapiga chafya, ambaye nilikuwa mimi.

Siku moja baba akiwa shuleni niliichukua redio pamoja na kaseti, bila kumwomba mtu ruhusa, nikaipeleka kwenye gari. Redio ya gari ilikuwa imekufa zamani. Nilitaka nikae kiti cha mbele, nimsikie Bibi humo ndani, vitu viwili nivipendavyo vikae pamoja. Baba Mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa akigonga usukani kwa kidole kufuatisha makofi, na jina la babu lilipotajwa aliitikia "Ego" peke yake, kwa sauti ya chini. Nilifurahi mno. Aliniambia nimwachie aisikilize tena, kesho angerudisha mwenyewe. Nikamwachia.

Kesho yake nilimkuta ndani ya gari lile lile, limezimwa, redio imewekwa mapajani mwake, na kutoka kwenye redio unatoka mngurumo wa injini. Nilidhani ni kaseti nyingine. Kumbe petroli ilikuwa haba mwezi ule, na alikuwa amepata wazo la kuirekodi injini yake ili awe anaisikiliza hata gari likiwa kavu. Alikuwa ameiweka redio juu ya boneti, akaiwasha injini na kuikanyaga. Kaseti nikaitambua kwa mwandiko wa baba. Yale matundu mawili ya mgongoni alikuwa ameyaziba kwa karatasi iliyotafunwa. Hilo ndilo ambalo sijawahi kulimeza. Angekosea, ningesema amekosea. Lakini mtu anayekaa akatafuna karatasi, akaitengeneza kwa kidole ili izibe tundu lililoachwa wazi kwa makusudi, huyo anajua anafanya nini. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kinakuendesha kwenye kiti cha mbele.

Baba yangu hakuwahi kumpandishia sauti kaka yake mkubwa, ila siku ile alimpandishia. Baba Mkubwa alishangaa kweli, nadhani hilo ndilo lilinitia uchungu zaidi. Alisema neno ambalo nimelibeba miaka yote: "Mama yupo hai, ataimba tena. Injini hii ikifa, imekufa." Mimi nilipata fimbo kwa kuitoa redio nje, na sikulalamika. Baba akapanda boti kwenda Ilagala kumwomba Bibi aje aimbe upya. Akarudi peke yake. Bibi hakuwa amekasirika, baba alisema. Alikuwa amecheka hata, kusikia amefunikwa na gari. Lakini alikuwa amekataa, kwa sababu mtu hapokelewi mara mbili kwa safari moja. Kumwimbia tena ni kumwambia kwamba bado hajafika. Kama Baba Mkubwa anautaka wimbo, basi aondoke. Avuke mto Malagarasi, alale ng'ambo walau usiku mmoja, kisha arudi, naye angempokea kwa furaha.

Usiku mmoja tu. Malori ya muhogo yalikuwa yakienda upande ule kila wiki, na boti zilikuwepo. Nilikwenda kumwambia mwenyewe, nikaahidi kuokota mawe mwaka mzima. Baba Mkubwa akakubali, akasema atakwenda, lakini atakwenda na gari. Alitaka kuvuka Malagarasi akiwa nyuma ya usukani ule, na mama yake amwone anarudi hivyo. Gari lilikuwa halijafika hata nusu ya njia ya Ilagala tangu liletwe, na sasa pampu ya mafuta ilikuwa imeharibika. Akaagiza nyingine kupitia kwa mabaharia. Baba akamsihi apande lori. "Nitoke hapa nimekaa juu ya magunia ya muhogo," akasema, "watu wote wananijua nina gari?" Tukangoja pampu. Kila nilipopita karibu nilimwona ndani ya gari lile bovu, redio ya kuazima mapajani na kaseti ile ile ndani yake, anajisikiliza anavyoendesha.

Pampu ilikuja na mvua za kwanza, na haikuwa ya gari lile. Wiki hiyo hiyo boti ilileta habari kwamba Bibi ameamka na homa, na boti iliyofuata ilileta habari nyingine. Alizikwa kwenye shamba la ukoo, ng'ambo ya mto. Kwa hiyo Baba Mkubwa alivuka Malagarasi hatimaye. Alivuka kama sisi wengine, miguu ikiwa na matope, amebeba sufuria ya msiba kichwani, na akalala ng'ambo si usiku mmoja bali nne. Tulipoteremka kwenye boti na kufika nyumbani, alisimama uani mbele ya mlango kwa muda. Hakuna aliyemwimbia. Mama yangu alikuwa ametokea ukoo mwingine na hakuyajua majina, na mimi niliyeyajua nilikuwa mtoto, tena sikutaka. Akaingia ndani.

Sasa mimi ni fundi cherehani Mwanga, hapa hapa Kigoma, na kaseti ninayo mimi, kwenye droo ya mashine, pamoja na bobini za uzi. Barabara ya nyumbani imewekwa lami. Gari lile lingeweza leo kutoka Buzebazeba hadi bandarini kwa dakika chache bila mtoto yeyote kuinama, lakini limeketi juu ya matofali nyuma ya nyumba, halina magurudumu, na kuku wanataga kwenye kiti cha mbele. Vijana huja kupiga nalo picha na kumsifia mzee. Binti yangu ana simu inayoweza kurekodi harusi nzima na kuituma Dar es Salaam kabla wali haujapoa, na yeye na wenzake wanaimbiana humo nyimbo ambazo kufikia Ijumaa wameshazisahau. Siku ile ningekuwa na kifaa hicho kwa dakika thelathini tu, nisingehitaji lolote jingine. Siku hizi kila kitu cha kurekodia tunacho, na aliyestahili kurekodiwa ndiye hatunaye. Nimejaribu kumfundisha binti yangu majina yale, anaishia kwenye la sita.

Mwezi uliopita Baba Mkubwa aliniita. Ni mzee sana, macho yake yana ukungu, na akaomba jambo moja, asikie injini yake. Nilikwenda na kaseti na redio ya jirani, nikamwamkia, nikaiweka mezani. Alitabasamu mngurumo ulipoanza, akawa anabadilisha gia hewani kwa mkono. Niliingoja sehemu ambayo yeye hakuwahi kuifikia, kwa sababu kila mara alikuwa akiirudisha nyuma kabla. Siku ile aliyorekodi, petroli ilimwishia kabla ya kaseti, akaizima redio, na ule ukingo wa mwisho wa mkanda ukabaki kama ulivyokuwa. Injini ikakohoa, ikakata. Ukaja mkwaruzo. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume kijana, nzito, yenye furaha: "Ego, nimemkuta." Makofi machache, kelele za watu, mkanda ukaisha.

Mkono wake ulibaki hewani kwenye gia ya tatu. Niliona kwamba ameitambua sauti yake, na kwamba hakuwa na kumbukumbu yoyote ya kile alichokuwa akikijibu. Akanigeukia pale alipodhani nimekaa.

"Nimemkuta nani, mwanangu?"

Ningeweza kumwimbia. Ninao wimbo wote, jina kwa jina, na pale Bibi anapovuta pumzi. Ilikuwa mchana, hapakuwa na mtu uani, na hakuna ambaye angenisikia isipokuwa yeye na kuku.

"Hukumkuta, Baba Mkubwa," nikamwambia. Nikaitoa kaseti, nikaitia kwenye mfuko wangu, nikarudi Mwanga kumalizia sare za shule.