Ng'ombe wa Risasi Hufa na Nyama Zake

Mwaka jana nilialikwa semina Bariadi mjini. Bango la ukumbini lilisema nchi rafiki za kidemokrasia zinaungana kupambana na uongo unaosambazwa na dola. Nikasema haya, twende, chai ya bure haikataliwi. Mtaalamu mmoja, kijana wa shati safi na maneno ya ofisini, akatuambia tatizo kubwa liko vijijini, kwa sababu mwananchi wa kawaida hana uwezo wa kutambua habari ya uongo. Lazima afundishwe. Akaendelea na picha zake ukutani, na mimi andazi nikalirudisha kwenye sahani. Hana uwezo! Mama yangu alitambua uongo wa wakubwa kwa dakika tano tu, hajui kusoma hata jina lake, na hakuna aliyemsikiliza.

Nilikuwa darasa la saba kijijini kwetu Nkololo, mwaka ule wa uchaguzi wetu wa kwanza wa vyama vingi. Kila kitu kilikuwa kimefunguliwa kwa mpigo. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanawagombania wakulima, mitumba imejaa gulioni, na bendera za vyama tusivyovijua zinapepea juu ya mabanda ya soda. Dada yangu alinizidi mwaka mmoja, lakini tulikuwa darasa moja, maana baba alimchelewesha ili twende shule pamoja. Kichwani hatukuwa sawa, na hilo nalisema bila haya. Dada alikuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa nachungulia daftari lake. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwenda sekondari. Mwalimu alishasema, na mama alishawatangazia wanawake kisimani.

Wiki chache kabla ya kura likaja Landrova la wakubwa, lina jenereta, spika na shuka jeupe. Likasimama uwanja wa shule, na giza lilipoingia tu wakaanza kutuonyesha sinema. Watu wanakimbia na magodoro kichwani, nyumba zinaungua, kundi zima la ng'ombe limelala limekufa kando ya barabara. Sauti ya kwenye spika ikasema hii ni nchi jirani, walileta vyama vingi wakachagua ovyo, na haya ndiyo waliyovuna. Mkichagua vibaya, zamu yenu inakuja, na mabinti ndio watakaochukuliwa kwanza. Wanawake wakapiga yowe. Baba yangu, mtu aliyewahi kuwafuata wezi wa ng'ombe porini na upinde wake, nilimwona anamvuta dada mkono, akamweka nyuma yake.

Mama hakupiga yowe. Alikuwa anawaangalia wale ng'ombe. Tangu aolewe yeye ndiye aliyekuwa anakamua zizini kwetu, na miaka ya ukame alishaburuta mizoga mingi kuliko wengi waliokuwa pale uwanjani. Tulipofika nyumbani akamwambia baba, "Baba watoto, wale ng'ombe hawakuuawa na vita. Umeziona mbavu? Umeona nyonga zilivyotokeza? Wale wamekufa kwa kiu na njaa. Ng'ombe wa risasi hufa na nyama zake."

Baba alijua ni kweli. Mfugaji gani asijue? Lakini akasema neno ambalo mpaka leo linanichemsha damu. "Mke wangu, gari la serikali limefika hapa mara ngapi? Chanjo ya ng'ombe hawaleti, wanasema mafuta hakuna. Sasa wachome mafuta yote hayo kutoka mjini, waje kutuambia uongo?"

Hoja hiyo ndiyo iliyozunguka kijiji kizima. Haki ya Mungu, watu na akili zao, watu wanaomfuata mwizi kwa nyayo mpaka mlangoni kwake, wakashindwa na dizeli! Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakumwona mwongo mwenye Landrova. Mama akajaribu kusema kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akamwambia akae chini, mambo ya ng'ombe yatasemwa na wenye ng'ombe. Wenye ng'ombe walikuwepo, tele, na kila mmoja alikuwa ameziona zile mbavu. Wakatulia kama maji mtungini.

Basi baba akafanya alichoona ni busara. Vita inakuja, binti mkubwa asikutwe nyumbani bila mume. Mtihani ulipokwisha tu, ng'ombe wa mahari wakaingia zizini, na dada akapelekwa Mwandoya kwa mtu aliyemzidi umri mara mbili. Mimi, binti mdogo, nilikuwa kijiti tu, sijavunja ungo, baba akasema mimi nitafichika. Dada aliondoka bila kulia. Alisema majibu yakitoka atarudi.

Kura zikapigwa. Vita haikuja. Hata ugomvi wa walevi gulioni haukutokea siku ile, watu wakarudi mashambani kwao. Majibu yakatoka, na shuleni kwetu jina la msichana aliyechaguliwa sekondari lilikuwa moja, la dada. Mama akajifunga khanga akaenda Mwandoya kumfuata mtoto wake. Wakwe wakamkaribisha vizuri, wakamlisha, wakamwambia binti sasa ni wa huku. Akarudi peke yake. Baba naye, aibu imemjaa, akaenda wilayani kuuliza habari za ile sinema. Akaambiwa hakuna gari lolote lililotumwa Nkololo. Ala! Sisi sote tuliota ndoto moja?

Hicho ndicho nilichowaambia pale semina, nimesimama, sauti juu. Mnataka kupambana na uongo? Warudisheni waliousema, kwa gari lile lile, spika ile ile, uwanja ule ule, waseme: tuliwadanganya. Na anayejua ng'ombe apewe kipaza sauti kabla ya mwenyekiti. Kijana wa shati safi akaandika kwenye karatasi, akasema asante mama kwa maoni. Maoni!

Lakini kuna jambo sikuwaambia. Nafasi ya shule haikai wazi. Baadaye mwalimu alikuja nyumbani na barua: msichana mmoja hakuripoti, achukuliwe anayemfuata kwa alama. Aliyemfuata, kwa mbali, nilikuwa mimi. Nikaenda, na kila nilichokuja kuwa kimetoka hapo, hata kile kiti nilichokalia semina.

Likizo ya Pasaka mama akanichukua tukamwone dada. Akatoka jikoni, akampigia mama magoti, "Mwadila, mayu," kama wake za watu wanavyosalimia mchana kwa Kisukuma. Akatupa maji. Halafu akaniuliza, taratibu, "Mdogo wangu, ile nafasi yangu alipewa nani?"

Mama akatazama pembeni. Nilikuwa nimevaa viatu vya shule, vyeusi, vipya. Nikavirudisha nyuma chini ya kigoda, lakini alishaviona.

"Soma, basi," akaniambia. "Ila ukija huku usinisimulie unachosoma."