Majina Niliyopeleka Ziwani

Sikwenda ziwani kutembea. Naanza hapo kwa sababu watu wa hapa Kegonga waliponiona asubuhi ile na koti la harusi na viatu vya kamba, walidhani nimeitwa na serikali. Nilikwenda kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Mtoto mwenyewe ni wa binti yangu Robi, aliyeolewa na Otieno, Mjaluo mvuvi wa Muhuru. Ng'ombe wa mahari Otieno alileta wote, hata yule wa mwisho mwenye pembe moja, na huyo ndiye anayetoa maziwa kuwashinda wenzake, kwa hivyo sina neno. Otieno akanipigia simu. Mtoto wao wa kike ana wiki tatu, analia mpaka sauti inakauka. Wamempeleka kliniki, amepimwa, hana ugonjwa. Sasa kwao mtoto akilia hivyo, wazee husema kuna marehemu anayetaka jina lake. Watu huketi wakataja majina ya waliokufa, moja moja, na pale mtoto anaponyamaza, hilo ndilo lake.

"Baba, ya kwetu tumemaliza," Otieno akaniambia. "Mama anasema labda ni mtu wa kwenu. Uje na majina."

Nikamwambia niyataje hapo hapo kwa simu, kwani simu haina masikio? Akasema mama yake amekataa. Jina la marehemu linaletwa na mdomo wa jamaa yake mwenyewe.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda pikipiki ya jirani. Ukungu ulikuwa bado umelalia mahindi, na mimi nyuma nikawa nayahesabu majina kama mtu anayehesabu mbuzi. Baba yangu, Mwita. Mama, Gati. Nyanya yetu, Weisiko. Wajomba wawili. Kulikuwa na jina moja zaidi, lakini hilo nililiacha nyumbani. Ndivyo nilivyodhani.

Nina miaka sabini na kitu, shule nilifika darasa la tatu, na ziwa sikuwa nimeliona ila kwa mbali, kama bati linalong'aa juani. Mtu akiniuliza kwa nini, nilikuwa nasema sina haja na samaki. Ukweli ni mwingine.

Saa nne nikafika Migori mjini. Hapo nina rafiki, Salim, mwenye duka la nguo, mtu wa pwani aliyekuja akiwa kijana akasahau kurudi. Hunirekebisha Kiswahili kila nikifungua mdomo, na mimi humlipa kwa kumletea wimbi. Akaniuliza nampelekea mjukuu zawadi gani. Nikamwambia majina. Akacheka, akasema majina hayana uzito, nibebe na leso. Akaniteremshia moja ya rangi ya chungwa, doti nzima, vipande viwili havijakatwa. Akaniambia leso haichaguliwi kwa maua, inachaguliwa kwa jina, na jina lenyewe ni yale maandishi ya pale chini. Sikuwa najua. Nikayasoma polepole, kidole chini ya kila herufi: UMEKAWIA LAKINI KARIBU. Sikulipenda. Nikamwomba nyingine. Akasema zile nyingine zote ni za kugombana na mke mwenza. Basi nikabeba hiyo.

Mchana, Macalder. Gari nililopanda Migori lilisimama kubadilisha gurudumu, nikapata nafasi ya kutazama wachimba dhahabu. Nilikuwa nimesikia ni watu wakorofi. Niliona akina mama wameinama kwenye madimbwi, wanazungusha beseni la matope taratibu, wanamwaga, wanazungusha tena, mpaka chini inabaki punje ambayo mimi na macho yangu haya sikuiona hata nilipoonyeshwa. Mmoja akaniambia, "Babu, macho yako inatafuta kitu kubwa." Neno hilo lilinikaa. Nimeona watu wavumilivu, nimelima tumbaku miaka thelathini, lakini kama wale sijaona.

Saa kumi jioni, Muhuru. Hapa naomba nipumue kidogo, maana ziwa si bati. Lina sauti. Linakuja, linarudi, kama ng'ombe anayecheua. Bichi yote ilikuwa imetandazwa nyavu, na juu yake omena, wale dagaa wa ziwani, zimeanikwa mpaka mchanga wote umekuwa wa fedha. Mama mmoja alitazama wingu dogo ng'ambo, wingu ambalo mimi nisingelisumbukia hata kuvaa kofia, akaita neno moja tu. Wanawake kama ishirini wakainuka, wakakunja omena zote kabla tone la kwanza. Hakuna aliyeuliza swali. Kwetu tungefanya mkutano kwanza.

Robi alinipokea na macho mekundu. Nilimwambia amekonda. Akasema nami nimezeeka, kwa hivyo tukawa sawa. Mtoto alikuwa mgongoni mwa bibi yake, Mama Otieno, na kilio kile nilikisikia kabla sijaona nyumba.

Nikaonyeshwa kiti. Otieno akaniambia kwa heshima sana, "Baba, leo utalala simba."

Nilifikiri, hawa watu nimewakosea nini? Nikamuuliza kama huyo simba amefungwa. Robi alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kumbe kwa Kijaluo simba ni ile nyumba ya kijana ambaye hajaoa. Baba mkwe halali nyumba ya binti yake, ni aibu, kwa hivyo shemeji yake Robi alikuwa ameniachia kitanda chake. Mama Otieno alipotafsiriwa maneno hayo, alijifuta machozi ya kicheko kwa kitambaa, akasema hata kama ningeliwa, ningekuwa nimeacha majina kwanza.

Basi tukaketi uani, jua bado liko juu ya maji. Mama Otieno akamshika mtoto, nami nikataja. Mwita. Mtoto akalia. Gati. Akalia. Mama yangu alikuwa mtu mpole na nilikuwa na hakika ni yeye, nikarudia mara mbili. Akalia zaidi. Weisiko, wajomba, hata mtani mmoja wa babu. Hakuna. Robi alikuwa amekunja mikono kifuani, ananitazama mdomo.

Nikasema nimemaliza.

Mama Otieno akamhamishia mtoto bega la pili. Halafu akasema kwa Kiswahili chake, bila mtafsiri, "Mzee, umebakisha."

Sasa niseme. Nilikuwa na dada mkubwa, Boke. Aliahidiwa mtu, ng'ombe wakaja kwetu, na kwa ng'ombe hao mimi ningeoa. Boke akamkataa yule mtu, akaondoka na mchuuzi wa samaki aliyekuwa akija soko letu, wakaenda kukaa Sindo, upande wa Homa Bay. Ng'ombe wakarudishwa. Baba akasema jina lile lisitajwe tena uani kwake, na mimi, niliyengoja mke miaka minne zaidi, sikulitaja hata moyoni. Mara mbili alitutumia samaki waliokaushwa, wamefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Mara zote mbili niliwatupia mbwa. Habari ya kifo chake niliipata sokoni, nikaendelea kupima mahindi.

Robi hakuwa amesikia jina hilo maishani mwake. Nilifungua mdomo ukakataa, kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikausukuma, nikasema, "Boke."

Mtoto akabana pumzi. Akakunja uso, tukafikiri anajiandaa kwa kilio kikubwa. Akapiga mwayo, akalala.

Sisemi ni jina lililofanya. Alikuwa amelia tangu asubuhi, hata ng'ombe huchoka. Nasema nilichoona. Mama Otieno aliitikia kwa kichwa tu kama mtu aliyeiona sindano yake iliyopotea, akasema, "Aboke." Kwao majina mengi ya wasichana huanza na A. Nikamwambia ni Boke. Akasema msichana bila A hajavaa nguo.

Robi ndiye aliyeuliza, "Baba, Boke ni nani?" Nikamweleza yote, na ya mbwa pia. Hakunigombeza. Akachukua kisu, akaikata ile doti ya leso, kipande kimoja akamfunika mtoto, kipande cha pili akakikunja akanirudishia. "Hiki peleka kwake," akasema.

Siku ya pili asubuhi walinipa ngege mzima na ugali, na mimi nisiye na haja na samaki nikala mpaka kichwa. Otieno akanipandisha boti ya injini hadi Sori. Nilishika ubao kwa mikono miwili, naye akanifundisha kutazama mbali, vilima, si maji. Vilima vya Gwassi vinaingia ziwani kama wanyama waliokuja kunywa. Sijaona nchi nzuri hivyo, na nilikaa kando yake miaka sabini nikiinunia.

Saa nane, kwa matatu kutoka Sori, Sindo. Mji mdogo, barabara moja, mashine ya kusaga, samaki wanaokaangwa chini ya miti. Ukiuliza Boke hapo hakuna anayemjua. Ukiuliza Aboke, mama wa Kikuria, hata fundi wa viatu anasimama kukuonyesha njia.

Nyumbani kwake nilimkuta mke mwenza wake, Mama Achieng', ajuza aliyepinda. Nikamwambia mimi ni nani. Akasema anajua, nina kovu la jembe mguu wa kushoto. Akasema Boke kila siku ya soko alikuwa akiwatafuta wachuuzi wa Kikuria, hanunui kitu, anawauliza tu kwa lugha yao kama mahindi yamemea na kama mdogo wake ameoa. Siku aliyoambiwa nimeoa, alipika kama sikukuu.

Akanionyesha kaburi, kando ya nyumba, limefagiliwa. Nikasimama hapo na koti langu la harusi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Sori, yote yakapotea, nikamwambia tu kwa Kikuria kwamba mahindi yamemea. Halafu nikamfunga Mama Achieng' ile leso mabegani. Akaniuliza imeandikwa nini, hajui kusoma. Nikamsomea. Akasema, "Hiyo ni sauti yake kabisa," akaenda kuweka chai.

Nilirudi kwa njia ya Homa Bay mjini, nikapita chini ya kile kilima chao cha Asego kilichochongoka kama ghala la wimbi, halafu Rongo, Migori, nyumbani. Mke wangu akaniuliza ziwa likoje. Nikamwambia lina sauti.

Nilichojifunza si kirefu. Baba alilifukuza jina, mimi nikawa mbwa wake wa kulinda lango, na upande wa pili watu walikuwa wakiliita kila siku wakiomba chumvi.

Jana nimempigia Robi. Kabla hajasema neno, nikasikia nyuma yake wanawake wa bichi wanamwita mtoto, wanacheka naye. Aboke, Aboke, na ile A yao mbele. Nikawasha spika, nikaiweka simu juu ya kiti pale katikati ya ua wa baba yangu, nikaliacha jina liitwe.