Spea ya Baba

Wanasema wapiganapo tembo wawili, nyasi huumia. Waongo! Walipopigana hao wakubwa wa dunia, sisi tulikula tukashiba. Walipopatana ndipo tukaumia.

Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo, Morogoro mjini. Mashine zilitoka Ujerumani ya Mashariki, enzi ambazo kila mkubwa aligombea urafiki wetu. Kila mashine ilikuwa na nembo ubavuni, ndege ndani ya gurudumu la meno. Baba aliifuta kila asubuhi kwa mkono wa shati lake.

Gia ilipokatika akaagiza spea. Barua ikarudi: nchi yenyewe haipo tena. Jamani, nchi nzima! Huku kwetu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, na mitumba kutoka upande ulioshinda. Nani angenunua kitenge chetu, wakati shati la Ulaya liliuzwa bei ya fungu la nyanya? Kiwanda kikafungwa.

"Spea ikija tu, tunawasha," baba alisema, mwaka hadi mwaka.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, baba watoto," mama akamjibu. Mluguru yule hakuwa na muda wa ndoto. Akaenda kuuza mitumba sokoni.

Mitumba tuliiita kafa ulaya, kwa kuwa tuliamini ni nguo za marehemu. Baba aliapa hatavaa nguo ya maiti. Nilimkasirikia sana, maana ugali aliokula ulitoka kwenye nguo hizo hizo.

Asubuhi moja mama alifungua belo la mitumba uani. Ikatoka ovaroli ya bluu, ina doa la grisi kwenye kiwiko. Mfukoni imeshonwa nembo: ndege ndani ya gurudumu la meno.

Mama akampa baba. Aliishika kwa muda mrefu, akalinusa lile doa.

Mimi, mjinga, nikacheka. "Baba, mwenyewe kafa Ulaya huyo!"

"Hajafa," baba alisema. "Huyu ni fundi mwenzangu. Wamemfungia kiwanda kama mimi."

Akaivaa pale pale. Ilimkaa sawasawa, utadhani alipimwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama watoto," akasema, "spea imefika."

Kisha akajitwika lile belo, akatangulia kwenda sokoni.