Robo Maili na Baba

Mpaka leo sielewi kwa nini gari langu lilikimbia vizuri kuliko siku zote zilizotangulia Jumapili ile niliyompakia baba yangu.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, kuukuu, injini iko mbele na nguvu inakwenda tairi za nyuma. Nililinunua linipeleke kazini, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kunirudisha Mtoni ninakoishi na wazazi wangu. Sikuwa na nia nyingine nalo. Ila kuna mwenzangu ofisini, dada mmoja mpole anayeimba kwaya, siku moja alinialika nikaone mambo anayofanya mdogo wake. Nikadhani ni mpira. Kumbe ni mashindano ya magari, huko mbele ya Bunju, kwenye lami iliyonyooka ndani ya eneo la mtu aliyepima viwanja ambavyo bado havijajengwa. Magari mawili yanasimama kwenye mstari, taa ya kijani inawaka, yanakimbia robo maili, basi. Mwisho mashine inakutolea kikaratasi chenye muda wako.

Nilishangaa watu wazima kuvuka jiji zima kwa ajili ya kitu kinachokwisha kabla hujapiga miayo miwili. Nikarudi nyumbani nikiwacheka. Wiki chache baadaye nilikuwa mstarini mie mwenyewe, nimevaa kofia ngumu ya kuazima. Ukiniuliza nilifikaje hapo, sina maelezo ya maana.

Taa ilipowaka siku hiyo ya kwanza nilikanyaga mafuta mpaka chini. Tairi za nyuma zikazunguka palepale kama miguu ya mtu aliyenasa kwenye tope, moshi ukanifunika, na gari la jirani likaondoka likaniacha natazama moshi wangu. Kikaratasi kilisema sekunde kumi na tisa na ushei. Mzee anayesimamia taa akainama dirishani.

"Sista, hapo umekaanga tairi tu. Bado hujaondoka."

Ikaniuma. Nadhani kama asingesema hivyo nisingerudi.

Fundi wangu wa Mtoni akaniambia shida ni uzito. Tukatoa siti ya nyuma, tairi ya spea, jeki, hadi mazulia. Muda ukashuka, nikafurahi. Akabadilisha ekzosi, gari likawa linanguruma mpaka kuku wa jirani wanakimbilia chini ya kitanda, lakini muda ukapanda. Tukarudisha ekzosi ya zamani. Muda haukurudi ulipokuwa.

"Inawezekanaje?" nikamuuliza. "Kila kitu kiko kama kilivyokuwa."

"Gari ni kama mtu, dada."

"Una maana gani?"

Akafuta mikono, akafikiri. "Hata mie sijui. Ndivyo watu wanavyosemaga."

Nyumbani, mama ndiye niliyekuwa namweleza. Yeye alipenda namba kubwa. "Kumi na nane! Afadhali, juzi si ulipata kumi na saba?" Nikamfafanulia kwamba huku namba ndogo ndiyo nzuri. Akaitikia kwa kichwa, na muda uliposhuka tena akanipa pole.

Baba hakuniuliza kitu. Yeye ni mchongaji wa vinyago, alikuja Dar kutoka Newala akiwa kijana, na mpaka leo anafanyia kazi uani, mpingo umebanwa kati ya magoti. Haraka si jadi yake. Kila asubuhi nikitoka huniambia, "Taratibu, mama. Kazi haikimbii." Nilikuwa na hakika hajui Jumapili naendaga wapi.

Basi Jumapili moja nikatoka na funguo, nikamkuta amekaa ndani ya gari. Siti ya mbele, shati limepigwa pasi, kofia yake ya harusi kichwani, mkanda ameshafunga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Twende."

"Twende wapi?"

"Huko unakokwendaga."

Niliwasha gari. Tulipita mjini. Kila penye matuta alinyoosha kiganja kuniashiria nipunguze mwendo. Tulipokaribia Tegeta akageuka nyuma, akapaangalia pale penye bati tupu kwa muda mrefu.

"Siti iko wapi?"

"Tumeitoa."

"Sasa watu watakaa wapi?"

"Hatubebi watu, baba."

"Mh," akasema, akageuka kuangalia mbele mpaka tukafika.

Wenzangu wakaja mmoja mmoja kumpa shikamoo. Nilimtafutia kiti chini ya turubai ili aangalie kwa mbali. Hakukaa. Alimwendea mzee wa taa, wakazungumza, kisha nikaona anapewa kofia ngumu. Siku ya mazoezi kama ile abiria mmoja anaruhusiwa, hilo nililijua, lakini halikuwahi kunipitia akilini kwamba lingemhusu baba yangu. Akakataa kuvua kofia yake ya harusi, ikabidi watafute kofia ngumu kubwa zaidi ya kuvaa juu yake.

Tukasogeza gari mpaka mstarini.

"Usiwe na wasiwasi, baba. Nitakwenda taratibu."

Akanigeukia. "Tumetoka Mtoni mpaka huku kuja kwenda taratibu? Kanyaga."

Sauti ilikuwa yake, maneno sikuyatambua. Taa ikawaka. Nilikanyaga, lakini sikuthubutu kufika chini; niliusukuma mguu kidogo kidogo huku nawaza mgongo wake, moyo wake, na mama nitamwambia nini. Tairi hazikuzunguka palepale kama ile siku ya kwanza. Gari lilishika lami, likatusukuma vifuani, likaenda. Nilipobadilisha gia nilimsikia ananong'ona kitu kwa Kimakonde, wimbo au dua, sikukamata hata neno. Tukavuka mstari.

Kumi na sita na nusu. Nilikuwa sijawahi kuufikia muda huo.

Baba alikuwa anaangalia mbele, macho yamejaa maji.

"Baba, uko salama?"

"Vumbi," akasema. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Kisha akauliza, "Ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha."

"Mbona fupi hivi? Turudie."

Tukarudia. Safari hii woga ulikuwa umenitoka, na nilijitahidi kufanya kila kitu kama mwanzo. Tukapata kumi na saba kamili.

"Mara hii umeogopa," baba akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba ni ile ya kwanza ndiyo niliyoogopa, lakini alikuwa ameshaanza kuhangaika na mkanda. Nikajaribu peke yangu. Kumi na saba na kitu. Mzee wa taa akasema siri ni mguu, nilikanyaga kwa upole. Mdogo wake yule mwenzangu wa ofisini akasema ni ile baridi ya asubuhi, injini inaipenda. Fundi wangu, aliyekuwa amekuja kutazama na ambaye miezi yote ile alilipunguza gari vitu ili liwe jepesi, akasema bila haya kwamba uzito umesaidia.

"Kwa hiyo turudishe siti?"

"Hapana, dada. Turudishe mzee."

Wote wakacheka. Mie nilikuwa natafuta jibu.

Nyumbani mama alituuliza tulikuwa wapi. "Bunju," baba akasema akinawa. "Kuna mtu tulikwenda kumwangalia." Mama akaniangalia. Mie nikaangalia dagaa sahanini.

Siku kadhaa baadaye nilimfuata uani. "Baba, kwa nini ulikuja siku ile?"

Aliendelea kuchonga. "Nilitaka nione unakimbilia nini."

"Ukaona?"

"Hapana. Wewe unakiona?"

"Hapana, baba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama vile tumekubaliana jambo. Nilisimama pale nikisubiri aniambie ni jambo gani. Akaomba maji ya kunywa.

Hakuja tena, nami sikumwomba. Nimejifunza kupunguza upepo wa tairi za nyuma ili zishike lami, na kukanyaga kwa adabu, na polepole muda ulishuka mpaka nikaipita ile kumi na sita na nusu, peke yangu. Siku hiyo wenzangu walinipigia makofi. Nilifurahi, kisha njia nzima ya kurudi nikawa nakasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Majuzi jirani alikuja kuomba nimpeleke stendi. Akamuuliza baba kama mie ni dereva wa kuaminika, maana mtaani amesikia maneno. Baba hakuinua hata uso.

"Huyu? Mzito huyu. Anaendesha kama kabeba mayai."

Sikujua kama ananificha, ananitania, au ndivyo alivyoona kweli siku ile. Jirani akaridhika, tukaondoka.