Mkono Mmoja, Jitu Moja

Cheo cha kwanza nilichowahi kupewa maishani kilikuwa kibarua, na nilikipokea nikiwa kibarua kweli. Mwaka huo nilikuwa nabeba magunia ya mahindi pale Busia, kutoka lori la upande wa Uganda hadi lori la upande wa Kenya. Jua likizidi, nilijificha kwenye kibanda cha fundi redio mmoja. Alikuwa mtu mzima, ana mvi, amevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Siku moja nilichungulia simu yake nikakuta anaandika kwamba yeye ni jitu la kijani lenye meno ya ngiri na shoka begani.

Nikamwuliza ni kitu gani hicho. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha.

"Ni ukoo," alisema bila kuinua macho. "Ukoo wa maorki. Kaa chini au toka, unanizibia mwanga."

Nikakaa. Nilikaa miaka mitatu, mimi ambaye sijawahi kukaa mahali popote zaidi ya misimu miwili.

Orki ni jitu la hadithi, kali, lisilo na adabu, linalopenda vita na nyama. Katika ukoo ule hapakuwa na picha wala milio ya bunduki. Watu wa nchi mbalimbali wasiojuana walikutana kwenye ukurasa mmoja wa mtandao, na kila mmoja akaandika kwa Kiingereza jitu lake linasema nini na linatenda nini. Limeketi. Limetema mate. Limemtukana mwenzake. Ni maigizo ya maandishi tu, ndiyo maana yaliwezekana kwenye simu yake iliyopasuka kioo. Kiingereza nilichonacho leo nilikipata kwa majitu, na mpaka sasa najua kutukana kuliko kuomba.

Mgeni alianza akiwa Kibarua, kazi yake kufagia lango na kusalimu wapitao. Juu yake kulikuwa na Askari, halafu Mwindaji, halafu Mkongwe. Majina hayo ya Kiswahili tuliyabuni sisi wawili kibandani. Juu kabisa waliketi Wazee wa Moto, hawakuzidi sita. Kupanda hakukuwa kwa kuua. Ulikaa zamu yako, wazee wakasoma ulivyoandika, wakapima kama umevaa ngozi ya jitu au unalichungulia kutoka nje. Aliyeondoka, jina lake lilifutwa. Mzee wa Moto peke yake ndiye jina lake lilichongwa kwenye Jiwe, ukurasa usiofutwa hata mwenyewe akifa.

Mimi nilifika Askari. Yeye alikuwa Mkongwe tangu kabla sijamjua.

"Kwa nini hutaki kuomba uzee?" nilimwuliza.

"Nataka. Nangoja niitwe." Akapuliza vumbi ndani ya redio. "Mdogo wangu, nimepika kambi ya jeshi miaka kumi na minane. Nimeona watoto niliowapakulia maharage wakivishwa nyota. Mimi nilitoka na jina lilelile nililoingia nalo: mpishi. Kuomba nilishaomba sana. Safari hii waniite wenyewe."

Na kweli walimwita. Angepimwa kwa vikao saba mbele ya Wazee, kimoja kila Jumamosi, saa kumi alasiri kwa saa zetu. Alinunua shati. Nilicheka, nikamwambia hawatamwona.

"Mimi nitajiona," alisema.

Kiharusi kilimpata siku nne kabla ya kikao cha kwanza. Kilichukua mkono wa kulia na nusu ya mdomo. Walimrudisha kijijini kwao Iyolwa, na Jumamosi ile nilipanda boda kutoka Busia nikamkuta barazani, amevaa shati lile, simu iko mapajani, kidole gumba cha kushoto kinahangaika juu ya kioo kama kuku anayetafuta punje.

Ukoo ule ulikuwa na sheria moja isiyosamehe: mkono mmoja, jitu moja. Anayemwandikia mwenzake, wote wawili wameiba. Yeye ndiye aliyenifundisha sheria hiyo. Nilimwambia tuwaeleze wazee kwamba ni mgonjwa, waahirishe.

Alitikisa kichwa. Maneno yalitoka taratibu, yamelowa mate. "Usiwaambie. Sitaki cheo cha huruma. Andika wewe. Mimi nasema, wewe unaandika. Mkono ni wangu, umekaa tu kwenye bega lako."

Mkewe alikuwa anamenya karanga mlangoni. "Shemeji, umeniletea yale majitu yako tena? Huyu mtu hajanywa hata uji."

"Yamekuja kumsalimia mgonjwa, shemeji."

"Basi yanipasulie kuni kwanza. Hii mikono mikubwa ya kazi gani?"

Mzee alicheka kwa upande mmoja wa uso. Nilipasua kuni, kisha nikaketi kuandika.

Hapa ndipo nilipomharibia. Jitu lake lilijulikana kwa uchache wa maneno. Kwa saa nzima lingeweza kusema mara tatu tu, na ukoo wote ungenyamaza kulisikiliza. Siku ile aliniambia, "Andika: nimekaa. Moto una joto." Nikaona ni kidogo. Mtu anapimwa kwa uzee, atasemaje moto una joto? Nikaongeza mawe yaliyoungua, na moshi unaopanda kama roho za walioanguka vitani. Wazee wakasifu. Nikamsomea sifa, sikumsomea nilichoandika. Alifumba macho, akasema, "Wameridhika?" Nikasema wameridhika sana.

Jumamosi ya pili vilevile. Ya tatu, Mzee mmoja wa Moto aliliuliza jitu letu: ni nani uliyempoteza?

Alijifuta mdomo kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Andika: mama."

Hilo tu. Nami nikaandika aya nzima ya mama jitu anayefia kwenye theluji huku mwanawe akimfunika kwa ngozi ya dubu. Theluji sijaiona. Mamake mzee mwenyewe alifariki akiwa shambani, palepale Iyolwa, anapalilia mihogo, na yeye alikuwa kambini anapika, hakupewa ruhusa ya kuja kuzika. Aliwahi kunisimulia. Nilijua yote hayo na bado nikaandika theluji. Niliipenda kazi yangu. Ukweli ni kwamba wakati naandika nilikuwa nimemsahau, ingawa goti lake lilikuwa linagusa langu.

Wazee hawakusifu. Mmoja akaandika: Mkongwe wetu hasemi hivi. Mkono huu ni wa nani?

Ilinibidi nimsomee. Nikasoma na swali, na theluji, na yote niliyoongeza tangu siku ya kwanza. Mkewe aliacha karanga zake akasikiliza, ingawa nilikuwa nageuza Kiingereza kwa Kiswahili huku nakwama.

"Niruhusu niwaambie ya kiharusi," nilimwomba. "Wataelewa."

"Hapana."

"Kaka mkubwa, watakushusha mpaka chini!"

"Waambie ni mkono wako. Basi. Hayo mengine ni ya kwangu."

Nikaandika hivyo. Uamuzi ulikuja kabla jua halijashuka. Mimi nilifukuzwa. Yeye, kwa heshima ya miaka yake, hakufukuzwa. Alirudishwa kuwa Kibarua, akafagie lango.

Alinyoosha mkono wa kushoto. "Nipe simu yangu." Nikampa. "Sasa nenda nyumbani," akasema. Hakusema kwa hasira. Nyumbani sikuwa nako, na alijua.

Sikurudi Iyolwa. Nilijidanganya kwamba natafuta kazi, na kazi nilipata, kuponda kokoto Osukuru, kisha kulinda bohari Tororo mjini. Kila Jumamosi nilisema nitakwenda ile nyingine. Habari ya msiba ilinifikia siku tisa baada ya mazishi.

Ndipo nilipowaandikia Wazee wa Moto yote: kiharusi, shati, mkono wa kushoto. Siku hiyohiyo walichonga jina lake kwenye Jiwe, wakaweka na maneno ya majonzi kutoka nchi ambazo sijui ziliko. Nilitazama jina lile asubuhi yote. Lilikuwa zuri. Lilikuwa pia cheo cha huruma, kile alichokataa kwa mdomo wake uliopinda. Nikawaandikia tena, nikawaomba walitoe, nikawaeleza kwa nini. Walibishana, wakalitoa.

Wiki iliyofuata mkewe alinitafuta Tororo. Hakukaa. "Wewe, mtoto wa dadake mzee, yule aliyebaki na simu yake, ameniambia jina lake limeandikwa huko kwa majitu. Kwamba halifutwi. Nimekuja nilione."

Nikamwambia lilikuwepo, na kwamba mimi ndiye niliyeomba lifutwe.

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Mara ya kwanza ulimwongezea," alisema. "Mara ya pili ukampunguzia. Hii yote bila kumwuliza mwenye jina. Na mimi je, mimi hukuniuliza?"

Nikatoa simu. Nilichokuwa nacho ni lango, ukurasa ulio wazi hata kwa aliyefukuzwa. Maneno ya vibarua huhifadhiwa mwezi mmoja, kisha husafishwa kupisha mengine. Ya kwake yalikuwa yamebakiza siku chache. Sikuwa nimeyasoma, kwa aibu. Niliyafungua mbele yake.

"Soma," alisema. "Polepole."

Alikuwa amekaa zamu kumi na moja. Nikamsomea: "Nafagia." Nikamsomea: "Karibu." Halafu, "Mvua. Nafagia." Kuna siku mgeni alimtukana, akajibu, "Pita." Zamu ya mwisho iliishia katikati ya neno.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, shemeji."

"Anza tena mwanzo," akasema, akaketi.